Eti umri ukikutupa mkono gemu basi tena?

Wengi tunaamini mtu akishapita miaka 40 hivi gemu hazimfai tena, akili imechoka, awaachie vijana. Kuna ukweli kidogo hapo, kasi ya jicho na mkono inaanza kushuka taratibu toka utu uzima wa mwanzo, ndo maana kwenye gemu za mpira za plestesheni dogo wa miaka 17 anakuwahi kubonyeza. Ila kasi sio mchezo wote jamani. Chukua bao la kete, mashimo 32, kete 64, kwenye namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, unaingiza moja moja toka mkononi huku unalinda nyumba yako, lile shimo lako maalumu la kete nyingi, pale mzee aliyecheza miaka 30 hahesabu kila shimo upya, anautambua mpangilio maana kauona mara nyingi, na uzoefu huo unadumu kuliko kasi. Kasi yako pima mwenyewe: mtu aachie rula katikati ya vidole vyako uidake, mara kumi, linganisha na mdogo wako. Halafu jioni nenda barazani, mpe mzee shikamoo, umwombe mcheze bao bila kuharakishana. Na kama herufi za kwenye simu hazisomeki, jaribu miwani kwanza kabla hujasema akili imeisha.