Kwa nini mbwa dume wawili waliokua pamoja hugeukiana?

Walinyonya pamoja, wakalala gunia moja, wakatafuna kandambili za nyumba nzima wakiwa wadogo. Kisha jioni moja tuktuk ikapita nje ya geti letu hapa Bamburi, Simba na Jimi wakalikimbilia geti wakibweka, na mara Simba akamgeukia nduguye akamkamata shingoni. Jirani aliyechungulia ukutani akatuambia mafahali wawili hawakai zizi moja, tumtoe mmoja.

Methali ni nzuri, ila kwa mbwa hawa ilitupoteza. Hawakuwa wakigombea ufalme.

Tuanze na umri. Mbwa dume huweza kuzalisha kabla hajatimiza mwaka, lakini tabia yake ya utu uzima hukomaa baadaye, kati ya mwaka 1 na 3. Ndipo anapoanza kushikilia vitu ambavyo jana aligawana bila neno: sufuria, kivuli, mlango wa jikoni, hata mtu anayempenda. Watu huona mabadiliko hayo wakadhani mbwa amelishwa kitu na wezi.

Halafu kuna geti lenyewe. Mbwa anaona tuktuk, au mbwa koko anayekatiza barabarani, mwili wote unawaka, na hawezi kumfikia. Wakati huohuo nduguye anamgusa bega. Meno yaliyokusudiwa wa nje yanamwangukia wa ndani. Ugomvi wa namna hii ni wa kawaida sana kwenye nyumba zenye mbwa wawili, na mahali pake hasa ni getini.

Fikra ya kwamba mbwa hupigania ukubwa ilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa mbwa mwitu wa nchi za baridi (wolf) waliofungiwa, kama ule wa mtafiti Rudolf Schenkel wa mwaka 1947. Mtafiti mwingine wa mbwa mwitu hao, L. David Mech, aliyeieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha 1970, aliisahihisha mwaka 1999: porini, kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Kwa hiyo kumlaza mbwa chali na kumchapa ili ajue mkubwa ni nani kunamwongezea hofu tu, na hofu huuma.

Naomba sana, usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kuonya. Na kabla ya kunguruma kuna dalili nyingine. Simba hufunga mdomo ghafla, mkia unasimama mkavu, anaweka kidevu juu ya bega la Jimi na kutulia kama jiwe. Jimi hugeuza uso, anajiramba midomo, weupe wa macho unaonekana. Hapo unawaita kwa sauti ya kawaida, kila mmoja upande wake.

Kwetu dawa kubwa imekuwa kuondoa vya kugombania. Ugali na omena sasa hupakuliwa kwenye sahani mbili, mmoja nyuma ya jikoni, mwingine varandani, na sahani huondolewa wakimaliza. Mifupa hatuachi uani. Joto la Machi linapopamba moto na kivuli ni cha mwembe mmoja, tunatandika turubai upande wa pili na kuweka karai lake la maji.

Kuhasi husaidia, hasa kama kuna jike mtaani aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, hali ambayo kwa kawaida huja kama mara mbili kwa mwaka na kudumu takriban wiki 3. Lakini usitarajie miujiza: mabadiliko huchukua wiki hata miezi, na mazoea ya kupigana hayafutwi na kisu. Muone daktari wa mifugo mapema pia kwa sababu nyingine: sikio linalooza au nyonga inayouma humfanya mbwa mpole awe mkali.

Wakishikana, usitie mkono katikati. Wamwagie ndoo ya maji, au wapenyezee kipande cha ubao, kisha mtenganishe kila mmoja chumba chake. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na uende hospitali siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua.

Kuwapatanisha tulianzia nje. Alfajiri, watu wawili, kamba mbili, kila mbwa upande wake wa barabara, na kila siku chache tukipunguza nafasi kati yao. Geti tumeliziba kwa mabati hadi chini, wasione nje. Wapo madume ambao hata baada ya yote hayo hawaaminiki, na hao hupewa zamu: mmoja uani mchana, mwingine usiku. Wetu hulala tena varanda moja, ila saa ya chakula bado natia komeo mlango wa jikoni.