Beowulf wa filamu si Beowulf wa utendi

Wengi waliomfahamu Beowulf, shujaa wa utendi wa Kiingereza cha kale, kupitia filamu ya mwaka 2007 iliyoongozwa na Robert Zemeckis huamini kwamba shujaa huyo alirubuniwa na mama yake zimwi Grendel, akalala naye, kisha akarudi kudanganya kwamba amemuua. Katika utendi wenyewe hakuna jambo la namna hiyo. Humo, mama huyo anauvamia ukumbi wa Heorot kulipiza kisasi cha mwanawe na kumuua Æschere, mshauri kipenzi wa Hrothgar, mfalme wa Wadenmark na mwenye ukumbi huo. Beowulf anamfuata hadi chini ya ziwa, ambako upanga uitwao Hrunting alioazimwa unashindwa kumdhuru, na asingepona lau asingeuona pangoni upanga wa kale uliofuliwa na majitu. Anamuua kweli, na damu inauyeyusha upanga huo mpaka unabaki mpini.

Vilevile, madai kwamba Grendel ni mtoto wa Hrothgar, na kwamba joka la mwisho ni mtoto wa Beowulf, ni ya waandishi wa filamu, Neil Gaiman na Roger Avary. Utendi unalihesabu zimwi katika kizazi cha Kaini, na joka linaamka kwa kuwa mtu ameiba kikombe katika hazina yake. Ubunifu wao una mantiki, maana unaunganisha visa ambavyo mtunzi aliviacha vikitenganishwa na utawala wa Beowulf wa miaka 50, ila umewalazimu kumrithisha Beowulf kiti cha Wadenmark, ilhali katika utendi anarejea kwao Wageat, kusini mwa Sweden ya leo, na kutawala huko.

Wapo pia wanaodhani filamu hiyo ni katuni ya kuchorwa. Ray Winstone na wenzake waliigiza wenyewe, mienendo yao ikanaswa, kisha kompyuta ikamvika Winstone mwili wa kijana aliyejengeka misuli.

Beowulf hakuwa Mwingereza, ingawa utendi wake ulitungwa kwa Kiingereza cha kale. Nakala pekee ya mkono, ya takriban mwaka 1000 na yenye mishororo 3,182, ilinusurika moto wa London mwaka 1731 kingo zake zikiwa zimeungua.

Wala si yote ngano tupu. Hygelac, mjomba wa Beowulf, anatajwa na Gregory wa Tours, mwandishi wa historia wa karne ya 6, kuwa aliuawa akivamia nchi ya Wafaranki, ingawa Gregory anamwita mfalme wa Wadenmark.