Kibali cha maji si risiti ya duka

Kiangazi kikianza, ofisi yetu hujaa malalamiko, mengi yakitoka Mbarali, mkoani Mbeya: wa juu kafunga maji, wa chini hana hata ya kunyweshea ng'ombe. Na mlalamikiwa hufika na kibali mkononi. "Mimi nimelipia."

Ndugu mkulima, hukununua maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayaweka maji yote chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Kibali kinakuruhusu kuchukua kiasi kilichoandikwa, mahali palipoandikwa, kwa shughuli iliyoandikwa. Ukiombea majaruba, usichimbe bwawa la samaki. Mikutanoni tumelisema hili hadi sauti zimekauka.

Utaratibu ni huu: unajaza fomu bodi ya maji ya bonde, unalipa ada ya maombi, wataalamu wanakagua eneo, watakaoathirika wanapewa nafasi ya kupinga, ndipo uamuzi unatolewa. Ukipewa, kuna ada ya matumizi. Ukikiuka masharti, kibali kinaweza kusitishwa au kufutwa, na mahakamani kuna faini, kifungo, au vyote viwili.

Sasa tuzungumzie banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini. Banio la magogo na mawe huvuja, na mvujo huo ndio uliokuwa ukimfikia jirani wa chini. Banio la zege, ambalo wengi tunalishangilia, laweza kuumeza mto mzima mwezi Septemba. Zaidi ya hapo, kiasi cha kwenye kibali hakipungui mto unapopungua, hivyo watu watano wenye vibali halali wanaweza kujikuta wanagombea maji ambayo hayapo. Ndiyo maana jumuiya za watumia maji hupanga zamu. Zamu si bughudha.

Aliye juu akiyaacha maji yatuame shambani baada ya mavuno, hapotezi hata shilingi. Hasara iko huko chini: mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na chini zaidi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Naombeni tuache kusema maji yanayoshuka huko "yanapotea bure". Umeme mnautumia.

Wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kule Mufindi: mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji ni mita 60, hata kama babu alilima hapo.

Maji ya kunywa, kupikia na kufulia nyumbani hayahitaji kibali. Anayekudai kibali cha ndoo, tuletee jina lake.