Kiki ya nne

Kila nikichomeka mashine ya kusoma hitilafu kwenye pikipiki ya kisasa, nikasubiri namba zijitokeze, kuna sauti hunijia: kiki tatu kavu, kisha ya nne inakohoa, inasita, inashika. Hivyo ndivyo pikipiki yangu ya kwanza ilivyonisalimia kila asubuhi kwa zaidi ya miaka mitatu.

Ilikuwa Honda CG125, nyekundu pale rangi ilipokuwa bado imebaki. Nilikuwa mmiliki wake wa nne, kama si wa tano. Kiti kilishonwa upya kwa ngozi mbili zisizofanana, kioo cha pembeni kilikuwa kimoja, na mshale wa spidi ulilala kwenye sifuri hata nilipokuwa nakata upepo. Geji ya mafuta haikuwepo. Ya mizunguko ya injini ndiyo usiseme. Mengine yote ilibidi niyajue kwa sikio, kwa pua, na kwa makalio, ambayo hutambua tairi lililopungua upepo mapema kuliko macho.

Nimekuwa fundi kwa miaka mingi sasa, na watu huniuliza nilisomea wapi. Darasani nilikwenda, ndiyo. Lakini kusikiliza injini nilifundishwa na ile nyekundu.

Nianze na kiki. Wiki za mwanzo niliamini kwamba pikipiki ina kichwa kigumu na kwamba ni lazima kuionyesha nguvu. Nilikuwa napiga kiki kwa hasira mpaka kisigino kinauma, nikishika mafuta hadi mwisho kila ninapokanyaga. Siku moja mzee mmoja fundi alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Kijana, unaiwasha au unapigana nayo?" Akanisogeza pembeni. Akavuta choki, akaacha swichi imezimwa, akakanyaga kiki mara mbili polepole, kama mtu anayejaribu kina cha maji. Akafungua swichi, akaisukuma kiki mara ya tatu mpaka mguu ukakutana na ugumu, akaupita kidogo tu, akaiachia ipande juu. Kisha akakanyaga mara moja kwa uzito wa mwili mzima, mkono wa mafuta hajaugusa. Ikawaka.

Injini ikiwa baridi, petroli haitaki kugeuka mvuke. Sehemu kubwa hubaki matone yanayonata kwenye njia ya kuingilia, na cheche ya plagi huwasha mvuke, si matone. Choki hupunguza hewa ili petroli izidi, na katika hiyo iliyozidi, kiasi kidogo kitakachogeuka mvuke kinatosha kuanzia. Zile kiki mbili za polepole huvuta mchanganyiko huo ndani ya silinda. Ule ugumu unaousikia mguuni ni pistoni inayosindika hewa. Ukiupita kidogo, kiki inayofuata inapata nafasi ya kuzungusha injini kwa kasi kabla haijakutana na mgandamizo tena. Na kwenye kabureta ya aina ile, chombo kinachochanganya petroli na hewa, kuvuta mafuta wakati choki imefungwa ni kuivunjia choki kazi yake: unafungua mlango wa hewa, nguvu ya kunyonya inapungua.

Ukihesabu, bado ni kiki nne. Tofauti ni kwamba sasa nilijua zile tatu za kwanza zinafanya nini.

Kosa langu kubwa lilikuwa la tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, milango midogo ya hewa na moshi ya silinda, zifunguke. Injini ya CG125 hulia tiki-tiki-tiki, kama cherehani ya mbali, na mimi niliichukia sauti ile. Niliona kama inatangaza uchakavu wa pikipiki yangu kwa kila mpita njia. Kwa hiyo nikafungua kifuniko cha juu ya silinda, nikashika spana na bisibisi, nikakaza skrubu za kurekebishia mpaka kelele ikaisha. Injini ikawa kimya. Nilijisifu wiki nzima.

Wiki ya pili ilianza kukosa nguvu mlimani. Ya tatu, kiki ikawa nyepesi kama ya baiskeli. Mzee aliisukuma kiki kwa mkono, kwa mkono jamani, akatikisa kichwa na kusema tapeti ikilia iko hai, ikinyamaza ndiyo uiogope.

Kati ya skrubu ya tapeti na mkia wa valvu huachwa mwanya. Kwa injini ile ni milimita 0.08, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, maana chuma na aluminiamu hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto, na kipimo cha injini ya moto hakikuambii kitu. Ile tiki-tiki ni sauti ya mwanya huo ukizibwa na kufunguka. Ukiumaliza, valvu haikai tena vizuri kwenye kiti chake. Valvu ya moshi inaumia kwanza, kwa sababu hupitiwa na gesi zenye joto la mamia ya nyuzi, na njia yake kuu ya kupoa ni kugusana na kile kiti kila inapofunga. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Mara 50 kwa sekunde mimi nilikuwa nainyima pumziko. Ukingo wake ulikuwa umeliwa kama biskuti iliyong'atwa na panya.

Nilinunua valvu mpya, nikakaa kwenye gunia pembeni ya mzee nikiisaga kwenye kiti chake kwa dawa ya kusagia, nikizungusha kijiti huku na huku kati ya viganja hadi mstari wa kijivu ukatokea ukiwa sawa pande zote. Kwa saa mbili nzima, viganja vinawaka moto. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia kazi kiasi kile tena.

Baadaye sana nilikuja kusoma historia ya injini ile, nikacheka peke yangu. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwafikiria watumiaji wanaobebesha pikipiki mizigo mizito na kuchelewesha kubadilisha oili. CB125, ndugu yake wa wakati ule, ilikuwa na kamshafti, ule mhimili wenye nundu za kufungulia valvu, juu ya silinda, ikizungushwa na cheni. Kwenye CG waliishusha kamshafti chini, wakaizungusha kwa gia, na wakaipa nundu moja tu inayosukuma fimbo zote mbili, ya valvu ya hewa na ya moshi. Vitu vichache vya kuchakaa, cheni ya ndani hakuna, na tapeti unarekebisha bila kufungua nusu ya injini. Yaani pikipiki ilitengenezwa makusudi kwa ajili ya mzembe kama mimi, na bado nikapata njia ya kuiharibu.

Rizavu, yaani akiba ya mafuta, nayo ina kisa chake. Pikipiki ilinizimikia njiani, nikaisukuma karibu kilomita tatu juani, na muuza petroli alipofungua mfuniko wa tangi akaniuliza kwa nini nasukuma pikipiki yenye mafuta. Ndani ya tangi, kwenye koki, lile bomba la kufungulia na kufungia mafuta, kuna njia mbili: mrija mrefu uliosimama na tundu la chini. Koki ikiwa kwenye alama ya kawaida, mafuta huingia kwa kupitia ncha ya mrija mrefu. Yakishuka chini ya ncha hiyo injini inazima, wakati chini bado kuna akiba. Unageuza koki, tundu la chini linafunguka, unaendelea. Geji ni wewe mwenyewe. Nilipolijua hilo nilifurahi mno, nikageuza koki kwenye akiba na nikasahau kuirudisha. Mara iliyofuata ilipozima, ilizima kweli. Kilomita tano safari hii.

Tangu hapo nilishika koki kama tasbihi. Usiku niliifunga kila siku, kwa sababu sindano ya floti, ile inayosukumwa na boya la kabureta kuziba mafuta, ikichakaa au ikikwama na takataka, petroli hushuka usiku kucha kwenye kabureta, na isipomwagika chini inaweza kupenya mpaka kwenye oili. Asubuhi nafungua, nahesabu hadi kumi bakuli la floti lijae, ndipo choki, ndipo kiki.

Taa ya mbele ilinifunza jambo lingine. Kama pikipiki ndogo nyingi za enzi zile, umeme wa taa ulitoka moja kwa moja kwenye koili za injini bila kupitia betri, kwa hiyo mwanga ulipanda na kushuka pamoja na mizunguko. Ukiachia mafuta kuingia kwenye kona, giza linakuja pale pale unapotaka kuona. Dawa ni kupangua gia mapema kabla ya kona, ili injini izunguke juu ingawa pikipiki inakwenda taratibu. Taa ilikuwa inanilazimisha kuendesha vizuri. Mpaka leo napangua gia kabla ya kona hata mchana, na wanaonifuata nyuma sijui wananionaje.

Niliiuza kwa sababu ya kawaida: nilihitaji kubeba zaidi ya ilivyoweza kubeba. Kijana aliyeinunua alikuwa na macho yale yale niliyokuwa nayo mimi. Nilimweleza kila kitu, tena kwa kirefu hadi akaanza kutazama saa. Nikamwonyesha choki na ule ugumu wa kiki. Nikamkabidhi kibanzi changu cha chuma cha kupimia ule mwanya wa 0.08 kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa chenye oili, nikamwapisha kwamba tapeti zikilia asiguse kitu kabla hajapima.

Akapiga kiki kama nilivyomwelekeza. Ya nne ikashika. Akaweka gia, akaondoka, nami nikasimama kando ya barabara nikiisikiliza inavyokwenda: gia ya pili, ya tatu, tiki-tiki yangu ikififia taratibu. Karibu na kona nikasikia mlio unabadilika, unakuwa mwembamba, injini inakosa-kosa kama mtu anayekabwa na maneno. Kisha kimya.

Bakuli la floti limekwisha. Koki nilikuwa nimeifunga mwenyewe jana yake usiku, na katika maneno yote yale sikumwambia aifungue. Nikaanza kukimbia.