Farasi mchanga hapimwi kwa urefu wa kizuizi

Wamiliki wengi wanaowaandikisha farasi wao wachanga kwenye tathmini ya vipaji vya kuruka vizuizi huamini kwamba atakayeruka juu zaidi ndiye atakayepata alama nyingi. Basi wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe wanamrusha mnyama kila jioni, kizuizi kikipandishwa kidogo kidogo. Hapo ndipo wanapomharibu.

Farasi wa miaka 2 au 3 kwa kawaida huruka bila mpandaji, akiongozwa na uzio hadi kwenye vizuizi vichache. Waamuzi hutazama namna anavyoruka: je, anakunja miguu ya mbele sawasawa, magoti juu? Mgongo unajipinda kama upinde, shingo ikishuka mbele? Akigusa mti wa kizuizi mara ya kwanza, mara ya pili anajihadhari? Hilo la mwisho mimi naliona kubwa kuliko yote, maana uangalifu ni vigumu kuufundisha. Hutazama pia mwendo wake wa mapigo 3 ya kwato, ule anaoutumia kukaribia kizuizi, na maumbile ya mwili. Mtoto anayenyonya harushwi kabisa.

Tena mifupa ya farasi mchanga bado inakua. Ile ya uti wa mgongo hukomaa mwisho, akiwa na miaka 5 hivi au zaidi. Mazoezi machache ya vizuizi vifupi, ili asishtuke, yanatosha. Aliyechoshwa huruka kwa woga au uvivu, na waamuzi huliona hilo mara moja.