Roșia Montană haikuzama: dhana potofu na ukweli kuhusu komuna ya wachimbaji dhahabu nchini Romania

Picha ya mnara wa kanisa uliochomoza katikati ya ziwa la tope imezunguka sana mitandaoni, na mara nyingi maelezo yake husema kwamba hapo ndipo Roșia Montană, kijiji cha Romania kilichozamishwa na mgodi wa dhahabu. Si kweli. Mnara huo ni wa Geamăna, kijiji cha komuna jirani ya Lupșa, ambacho wakazi wake walihamishwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, enzi za mtawala wa kikomunisti Nicolae Ceaușescu, ili bonde lao lipokee marudio, yaani tope la taka, ya mgodi wa shaba wa Roșia Poieni. Majina yanafanana, milima ni ileile ya Apuseni, na komuna zote mbili ziko mkoa wa Alba, kwa hiyo kosa hilo linaeleweka. Hata hivyo linaumiza, kwa sababu linawazika watu wa Roșia Montană wangali hai.

Wala Roșia Montană si kijiji kimoja. Komuna nchini Romania ni ngazi ya serikali za mitaa vijijini, yenye meya na baraza lake, na komuna hii ina vijiji 16 vilivyotawanyika mabondeni na juu ya miteremko: Roșia Montană chenyewe, Corna, Țarina, Cărpiniș, Bunta, Vârtop na vinginevyo, vingine vikiwa ni nyumba chache tu zenye malisho na mabanda ya nyasi kavu. Mji ulio karibu ni Abrud.

Kuhusu maji ya kijito cha Roșia, ambayo ni mekundu kama kutu, wengi huamini kwamba yalichafuliwa na kampuni ya kigeni iliyokuja kutafuta dhahabu baada ya ukomunisti kuanguka mwaka 1989. Kampuni hiyo ina mengi ya kujibu, lakini si hili, kwa kuwa haikuwahi kuanza kuchimba. Wekundu unatokana na mahandaki ya zamani: madini ya piriti yaliyomo mwambani yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha chuma na metali nyingine hadi zikatoka na maji. Jina lenyewe ni ushahidi. Roșia maana yake ni nyekundu, na Wahungaria walipaita mahali hapo Verespatak, yaani kijito chekundu, muda mrefu kabla ya kampuni yoyote ya leo kuzaliwa.

Watalii nao hudhani kwamba maziwa madogo yaliyo juu ya vijiji, ambayo wenyeji huyaita tăuri, yaliumbwa na barafu ya kale kama maziwa mengine ya milimani. Ukweli ni kwamba yalichimbwa na kujengewa kingo kwa mikono ya watu, hasa wakati wa utawala wa Habsburg, ukoo wa kifalme wa Austria, ili maji yake yaendeshe vinu vya kupondea mawe ya dhahabu. Tăul Mare ndilo kubwa kuliko yote.

Dhana inayohitaji subira zaidi ni ile isemayo kwamba enzi za Warumi machimbo haya yalichimbwa na watumwa waliofungwa minyororo. Warumi waliiteka Dakia, nchi iliyokuwa katika eneo la Romania ya leo, mwaka 106 chini ya kaisari Trajan, na mahali hapa wakapaita Alburnus Maior. Kati ya mwaka 1786 na 1855 wachimbaji walikuta ndani ya mahandaki vibao vya mbao vilivyopakwa nta na kuandikwa kwa Kilatini, vilivyofichwa humo tangu karne ya 2. Ndimo tunamokuta jina la mahali hapo likitajwa tarehe 6 Februari mwaka 131, na ndimo tunamosikia sauti za watu wenyewe.

Kibao kimoja ni mkataba wa kazi wa tarehe 20 Mei mwaka 164. Flavius Secundinus anaeleza kwamba anaandika kwa niaba ya Memmius, mwana wa Asclepius, kwa sababu Memmius amesema hajui kusoma wala kuandika. Memmius anajikodisha kwa Aurelius Adiutor kufanya kazi katika mgodi wa dhahabu hadi tarehe 13 Novemba, kwa ujira wa denari 70, sarafu za fedha za Kirumi, pamoja na chakula. Akiacha kazi bila ridhaa ya mwajiri, atatozwa faini kwa kila siku. Maji yakifurika mgodini, malipo yatahesabiwa kwa kadiri ya kazi iliyofanyika. Mtumwa haandikiwi masharti ya namna hii. Memmius alikuwa kibarua huru, na wengi wa wachimbaji walikuwa wahamiaji kutoka Iliria, kando ya Bahari ya Adria, waliojua kazi ya mgodi kabla ya kufika.

Lakini tusiruke upande wa pili tukadai kwamba utumwa haukuwepo. Kibao kingine, cha tarehe 17 Machi mwaka 139, kinathibitisha mauzo ya mtoto wa kike aitwaye Passia, mwenye umri wa takriban miaka sita, kwa denari 205. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, mtoto huyo aliuzwa kwa bei inayokaribia mara tatu ya ujira wa karibu miezi sita ya Memmius. Kila niisomapo hesabu hiyo nalazimika kuweka kalamu chini.

Juu ya wakazi, husemwa kwamba hapa palikuwa daima pa wakulima Waromania wa kabila moja na dini moja. Dhahabu haikuruhusu hivyo. Waromania, Wahungaria na Wajerumani waliishi pamoja, na kijiji kikuu kilikuwa na makanisa ya madhehebu matano: Waorthodoksi, Wakatoliki wa mapokeo ya Kigiriki, Wakatoliki wa Roma, Wakalvini na Waunitaria. Familia nyingi zilimiliki mahandaki madogo na vinu vyao wenyewe hadi serikali ya kikomunisti ilipotaifisha migodi mwaka 1948.

Ni kweli kwamba watu wamepungua: sensa ya 2002 ilihesabu zaidi ya 3,500 katika komuna nzima, na ile ya 2011 chini ya 3,000. Anayesema walikimbilia tu raha za mjini hajatazama vizuri. Mgodi wa serikali ulifungwa mwaka 2006, ukaondoka na ajira. Kabla ya hapo kampuni ile ya kigeni ilikuwa imeanza kununua nyumba, nyingi zikabomolewa, na baadhi ya familia zikahamishiwa mtaa mpya wa Recea katika mji wa Alba Iulia. Aidha, mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uligeuza sehemu kubwa kuwa eneo la viwanda, hivyo aliyetaka kufungua nyumba ya wageni alikwama kwenye kibali. Watu walibanwa, ndipo wakaondoka.

Mwisho, wapo wanaoamini kwamba tangu UNESCO ilipoiandika Roșia Montană kwenye Urithi wa Dunia mwezi Julai 2021, hatari imekwisha. Siku hiyohiyo iliandikwa pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Machi 2024 mahakama ya kimataifa ya usuluhishi ilitupilia mbali madai ya kampuni ile ya kulipwa mabilioni ya dola na Romania kwa kunyimwa kibali cha kuchimba, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo dhahabu ingali ndani ya mlima Cârnic, na kuta za mawe za nyumba za kale zinaendelea kubomoka kwa mvua na theluji.

Katika mpango wa kampuni wa kuchimba dhahabu, bonde la Corna ndilo lililotengwa kuwa bwawa la marudio yenye sayanidi, kemikali ya sumu ya kutenganishia dhahabu, nyuma ya ukuta wa mita 185. Kijiji cha Corna kingekuwa Geamăna ya pili. Leo makanisa yake yamesimama kwenye nyasi.