Je, wajua? Serikali ikiwa ndiyo mzazi, nani huipeleleza

Tarehe 23 Februari 2008, polisi wa kisiwa cha Jersey waliwaambia waandishi wa habari kwamba chini ya sakafu ya jengo moja kuukuu wamekuta kitu kinachoonekana kuwa kipande cha fuvu la mtoto. Jengo lenyewe, Haut de la Garenne, kwa miaka mingi lilikuwa makao ya watoto waliolelewa na serikali ya kisiwa hicho. Haikuchukua muda, barabara ya kuingilia ikajaa kamera, na magazeti ya Ulaya nzima yakaanza kuhesabu makaburi ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona.

Kipande kile kilipewa namba, JAR/6, kikapelekwa maabara Oxford kupimwa umri. Mfupa una kolajeni, ile protini inayofanya mchuzi wa kongoro ugande ukipoa, na maabara huitafuta hiyo kwanza kabla ya kupima kaboni. Baada ya kukigeuza na kukigeuza, wataalamu wakasema hiki si mfupa. Huenda ni ubao, huenda ni kifuu cha nazi. Naam, kifuu. Mifupa mingine iliyochimbwa pale ilikuwa karibu yote ya wanyama, na Novemba mwaka uleule viongozi wapya wa upelelezi wakatangaza kuwa hakuna ushahidi wa mauaji.

Watu wengi walifunga ukurasa hapo wakiamini kwamba yote yalikuwa uzushi. Lakini upelelezi uleule ulikuwa umepokea taarifa za makosa zaidi ya 500, zaidi ya 300 kati ya hayo yakidaiwa kutendeka ndani ya jengo hilohilo, na ulipofungwa mwishoni mwa 2010, watu 8 walikuwa wamefikishwa mahakamani na 7 wametiwa hatiani. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa kilichofukuliwa kwa koleo. Walitiwa hatiani kwa maneno ya watu wazima waliokuwa watoto zamani, na kwa makaratasi. Kesi hii naipenda kwa sababu hiyo, kama kesi ya namna hii inaweza kupendwa: inaonyesha kazi yenyewe ya upelelezi hufanyikia wapi.

Jersey ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya Ufaransa, chenye watu wapatao laki moja. Kiko chini ya Mfalme wa Uingereza lakini si sehemu ya Uingereza. Kina bunge lake, mahakama zake na sheria zake. Haut de la Garenne ilifunguliwa 1867 kama shule ya kazi za mikono kwa watoto wa maskini na waliotelekezwa, baadaye ikawa makao ya watoto, ikafungwa 1986. Mtoto aliyepelekwa pale alikuwa chini ya kamati ya serikali. Kamati hiyohiyo iliajiri walezi, ikawalipa mishahara, na ikawa ndiyo inayopokea malalamiko dhidi yao. Mtoto wa nyumbani akipigwa na baba anaweza kukimbilia kwa shangazi, jirani au mwalimu. Huyu wa makao, jirani yake ni mwajiriwa wa yuleyule anayemlalamikia. Akitoroka, anaandikwa mtoro, na polisi wanamrudisha kwa gari mpaka mlangoni.

Ndiyo maana swali la kwanza la mpelelezi anayejua kazi yake si "nini kilitokea?" bali "taarifa hii imepita mikononi mwa nani kabla ya kunifikia?"

Siku hizi nchi nyingi zimeweka utaratibu wa saa za mwanzo. England, kwa mfano, kila halmashauri ina ofisa maalumu wa kupokea tuhuma dhidi ya watu wanaofanya kazi na watoto, na mwajiri anatakiwa kumjulisha ndani ya siku moja ya kazi. Polisi, ustawi wa jamii na mwajiri wanakaa meza moja na kugawana kazi. Polisi wanatafuta jinai. Ustawi wa jamii wanaangalia usalama wa mtoto huyu na wenzake wanaolala chumba kimoja naye. Mwajiri anaangalia nidhamu. Anayehamishwa anapaswa kuwa mlezi, si mtoto. Mtoto aliyesema ukweli kisha akafungasha mabegi atakuwa amewafundisha wenzake wote kunyamaza.

Njia hizo tatu hazipimi kwa kipimo kimoja, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Mahakama ya jinai inataka kosa lithibitishwe bila kuacha shaka. Ustawi wa jamii na mwajiri wanauliza tu kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kutotokea. Kwa hiyo mlezi anaweza kuachiwa huru na hakimu Jumatatu na bado asirudi kazini Jumanne, na wala hakuna aliyevunja sheria.

Kisha kuna chumba cha mahojiano. Ukiingia utadhani umekosea njia: viti vya kukalia kwa raha, rangi tulivu ukutani, pengine na mwanasesere kwenye kona. Kamera imefichwa ili isimtishe mtoto. England na Wales zimekuwa zikikubali mahojiano ya mtoto yaliyorekodiwa kwa video kama ushahidi mahakamani tangu 1992, lengo likiwa mtoto asimulie mara moja badala ya kumsimulia mwalimu, kisha mkuu wa makao, kisha daktari, kisha polisi wawili tofauti. Kila anaporudia, maneno yanapungua au yanaongezeka, na wakili wa utetezi anaitafuta tofauti hiyohiyo.

Mhoji haulizi "Ni mjomba fulani aliyekupiga?" Anasema, "Niambie yote kuhusu jana jioni," halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya ufundi huo. Mtoto akisema "alikuja", anaulizwa "nani alikuja?", si zaidi ya hapo. Swali lenye jibu ndani yake linaweza kuua kesi ya kweli, kwa sababu baadaye hakuna atakayejua kama neno lilitoka kwa mtoto au kwa ofisa. Hasa kwa watoto wadogo, ambao hujitahidi sana kumpa mtu mzima jibu wanalodhani analitaka.

Sheria zetu za Tanzania za ushahidi zina mizizi katika sheria za Kiingereza, na mashaka yaleyale ya zamani kuhusu mdomo wa mtoto tuliyarithi. Kwa miaka mingi, mtoto asiyezidi miaka 14 alipopanda kizimbani, hakimu alitakiwa kwanza kumpima: anajua maana ya kiapo? Ana akili ya kutosha kueleweka? Mwaka 2016 kifungu ambacho wanasheria wamekizoea kwa namba 127 kilibadilishwa, na sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Sentensi moja tu. Na bado Mahakama ya Rufani imewahi kuutupa ushahidi wa mtoto kwa sababu hakimu hakuiandika ahadi hiyo kwenye kumbukumbu za shauri. Upande mwingine, sheria hiyohiyo inaruhusu mtu atiwe hatiani katika kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiwa mahakama imeridhika kwamba anasema kweli. Mlango ni mpana, lakini kizingiti chake kinaangusha wengi.

Tuhuma za zamani, kama zile za Jersey, zina ugumu wa aina nyingine. Mlalamikaji ana miaka 50, mtuhumiwa ana 75 au yuko kaburini, jengo limepakwa rangi mara sita. Hapo mpelelezi anageuka kuwa mtu wa maktaba. Chukua mfano wa kubuni: mwanamke anasema alipigwa na mlezi usiku, hakumbuki mwaka, lakini anakumbuka mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Hospitali inatafutwa, kadi yake inapatikana, na mwaka na mwezi vinajulikana. Kitabu cha zamu cha makao kinaonyesha nani alilala kazini wiki zile. Daftari la mishahara linathibitisha kwamba mtu huyo aliajiriwa kweli kipindi kile. Daftari la adhabu, kama lipo, lina mistari yake. Hakuna hata karatasi moja kati ya hizo inayosema "alimpiga", lakini zikipangwa mezani zinamwondolea mtuhumiwa jibu la "sikuwepo".

Halafu wanatafutwa waliolala naye chumba kimoja. Wanahojiwa kila mmoja peke yake, na hawaambiwi wenzao wamesema nini. Watu watatu wasiojuana, wa miaka tofauti, wakieleza tabia ileile ya mtu yuleyule kwa namna ambayo haikuwahi kutoka gazetini, ushahidi huo una uzito ambao mmoja wao peke yake hana.

Kwa hiyo tangazo la lile fuvu lilikuwa na madhara zaidi ya aibu. Kila kitu kinachosemwa mbele ya kamera kinaingia masikioni mwa mashahidi ambao bado hawajahojiwa. Mawakili wa watuhumiwa walidai kwamba kwa kelele zile wateja wao hawawezi kupata haki, wakaiomba mahakama isimamishe kesi. Mahakama ilikataa, lakini ombi lenyewe lilikula muda na nguvu ambazo zingetumika kwingine.

Linabaki lile la kwenye kichwa cha habari. Nani huipeleleza serikali?

Jersey ilijaribu kujichunguza, na mambo yakawa ya kisiwa kidogo, ambako kila mtu ni shemeji wa mtu. Waziri wa afya na huduma za jamii, Stuart Syvret, alisema hadharani mwaka 2007 kwamba hana imani na mfumo wa kulinda watoto uliokuwa chini ya wizara yake mwenyewe. Ilipofika Septemba, si waziri tena. Mkuu wa polisi, Graham Power, alisimamishwa kazi Novemba 2008, siku ileile ambayo viongozi wapya wa upelelezi walikanusha habari za mauaji. Wengine waliona ni haki kwa jinsi kazi ilivyoendeshwa, wengine wakaona ni kisasi. Mimi naona tu kwamba polisi waliokuwa wakiichunguza serikali walikuwa wakiajiriwa na kusimamishwa na serikali hiyohiyo.

Wales kulitokea jambo linalofanana. Halmashauri ya Clwyd iliunda jopo kuchunguza makao yake ya watoto, na ripoti ikakamilika 1996. Kampuni ya bima ya halmashauri ikaonya kwamba ripoti ikitoka, madai ya fidia yatafurika. Nakala zikasagwa. Umma uliisoma 2013, ikiwa imefutwafutwa majina. Mtu anaweza kudhani adui wa ukweli katika mambo haya ni mhalifu. Mara nyingi ni mhasibu.

Dawa inayotumika ni tume huru yenye watu wa kutoka nje. Tume haifungi mtu. Kazi yake ni kuuliza yale ambayo mahakama haiulizi: nani alijua, barua ilikwenda ofisi gani, kwa nini haikujibiwa. Tume ya Jersey iliongozwa na mwanasheria kutoka England, Frances Oldham, ikaanza kusikiliza ushahidi 2014 na kutoa ripoti Julai 2017, kwa gharama ya takriban pauni milioni 23. Ilisikiliza mashahidi zaidi ya 200 na kurudi nyuma hadi 1945. Wakazi walimweleza Oldham na wenzake kuhusu "desturi ya Jersey", yaani kumaliza mambo kimyakimya ili jina la kisiwa lisichafuke. Pendekezo la kwanza la ripoti lilikuwa kuwepo Kamishna wa Watoto asiyewajibika kwa mawaziri. Akaanza kazi 2018. Jingine lilikuwa Haut de la Garenne ibomolewe.

Sentensi iliyowashtua wengi katika ripoti ile haikuhusu zamani hata kidogo. Ilisema watoto wa Jersey huenda bado wako hatarini leo. Waliofuatilia tangu mwanzo hawakushangaa, kwa sababu moja ya cheche za sakata zima mwaka 2007 haikutoka Haut de la Garenne bali Greenfields, kituo cha watoto kilichokuwa kikifanya kazi wakati huohuo. Mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii alikuwa amelalamika juu ya utaratibu wa pale ulioitwa kwa jina la mashindano ya magari. Mtoto alipanda ngazi kwa tabia njema, na ngazi ya chini kabisa, iliyopewa jina la mahali magari yanaposimama kutengenezwa, ilikuwa kufungiwa chumbani peke yake. Mfanyakazi yule alifukuzwa kazi. Utaratibu wenyewe haukuwa siri ya mtu yeyote wala haukuzikwa chini ya sakafu. Ulikuwa sera ya kituo, na watumishi waliufuata zamu baada ya zamu.